Daftari la Ngamiani: hesabu ya utabiri wa Ligi Kuu 2023/24

Msimu wa 2023/24 wa Ligi Kuu Bara ulifungwa tarehe 28 Mei 2024. Yanga walimaliza na pointi 80, Azam 69, Simba 69, na wa nne wakawa Coastal Union, Wagosi wa Kaya, kwa pointi 43. Mtibwa Sugar na Geita Gold wakashuka. Jedwali likishatulia hivyo, kila kijiwe nchini huwa kimejaa watu waliojua tangu mwanzo. Kijiwe chetu cha Ngamiani, Tanga, kina bahati mbaya moja: sisi tunaandika.

Kabla ligi haijaanza, kila anayetaka anapanga timu zote 16 kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, anaweka jina na saini, na pembeni anaandika sababu ikiwa anayo. Daftari linalala kwenye droo ya cherehani hadi ligi iishe. Kazi yangu ni ukatibu tu: nanakili, nafunga, nafungua. Atakayeshika mkia ananunulia kijiwe kahawa na kashata wiki nzima. Hakuna pesa inayobadilisha mikono, na hilo nalitaja kwa sababu vijana wa mikeka ya kubeti hupita wakidhani wamepata ofisi mpya.

Msimu huo tulikuwa na karatasi tano: ya fundi cherehani, ambaye ni Simba damu, ya dereva wa bodaboda, Mwananchi, yaani wa Yanga, ya mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, Coastal wa tangu zamani, aliyewaona wakitwaa ubingwa wa 1988, ya fundi baiskeli, African Sports asiyeficha, Wana Kimanumanu, mahasimu wa Coastal hapa hapa Tanga, na ya mwalimu wa hisabati, ambaye ukimuuliza anashabikia nani anakwambia anashabikia mpira, jibu ambalo hapa kwetu halimpi mtu heshima yoyote.

Hali ya mji wakati zikiandikwa ina uzito wake. Agosti 2023 Ngao ya Jamii, kombe la kufungua msimu, ilichezwa hapa hapa uwanja wa Mkwakwani, timu nne, na mji ukajaa wageni hadi mhogo wa kuchoma ukapanda bei. Fainali ilikuwa tarehe 13, Simba na Yanga, suluhu ndani ya dakika 90, kisha matuta. Ally Salim, kipa kijana wa Simba, akapangua penalti tatu, Simba wakachukua ngao kwa 3-1. Daftari lilifungwa jioni ileile. Sasa mtu ametoka uwanjani na kelele bado ziko masikioni, unampa kalamu apange msimu mzima. Fundi cherehani aliandika Simba bingwa kwa herufi ambazo zilitoboa karatasi. Hata mzee wa bandarini, ambaye Simba na Yanga kwake ni wageni wa Dar wote wawili, aliwaweka Simba juu.

Njia yetu ya kupima ni ya kawaida. Unachukua nafasi uliyoitabiria timu na nafasi iliyomaliza, unatoa, unapata tofauti, hasi au chanya haijalishi. Unajumlisha timu zote 16. Mwenye jumla ndogo kashinda. Zikatoka hivi: mwalimu 54, bodaboda 60, mzee 62, fundi cherehani 66, fundi baiskeli 72.

Fundi baiskeli hakufika 72 mara moja. Alijumlisha mwenyewe akapata 71, akaisoma kwa sauti ili iandikwe. Mwalimu alikuwa amempa mgongo anachagua kashata. Akasema, bila kugeuka, "Rudia, fundi. Haiwezi kuwa witiri." Palikuwa na zogo hapo, maana fundi aliona anachezewa. Lakini ni kweli: ukipanga timu zilezile kwa nafasi zilezile, kila timu uliyoipandisha mno ina nyingine uliyoishusha, na zinazozidi hulingana na zinazopungua. Ukizijumlisha pamoja bila alama, jibu lazima liwe shufwa. Ukiona witiri, umekosea kuhesabu. Fundi alirudia, akakuta kwa Namungo kaandika 3 badala ya 4. Tangu siku hiyo watu wanamwita mwalimu "shehe".

Kwa miaka yote tuliishia hapo. Mshindi anatamba, wa mwisho anaingia mfukoni, tunasubiri Agosti. Safari hii fundi baiskeli, labda kwa uchungu wa kahawa ya wiki nzima, aliuliza swali ambalo nashangaa halikuulizwa kabla: hiyo 54 ni nzuri au ni mbaya? Nzuri kuliko nini?

Mwalimu alisema tuanze na asiyejua kitu kabisa. Mtu ambaye hajawahi kusikia Yanga wala Simba, anachota majina 16 kwa bahati nasibu na kuyapanga yanavyotoka. Huyo kwa wastani atapata 85. Hesabu yenyewe ni fupi: idadi ya timu zidisha kwa yenyewe, toa moja, gawa kwa tatu. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256, ukitoa moja 255, ukigawa kwa tatu ni 85. Na ukilipindua jedwali zima juu chini, chini juu, unapata 128, ambayo ndiyo mbaya kupita zote. Basi wote watano walikuwa chini ya 85, na kijiwe kikapumua. Hata fundi baiskeli akajiweka vizuri kitini.

"Msikae raha," mwalimu akasema. "Nani hapa hajui kwamba Yanga, Simba na Azam watakuwa watatu wa juu?"

Hakuna. Huyo asiyejua kitu hayupo Tanzania. Mtoto wa darasa la pili anajua. Kwa hiyo mpinzani wetu wa haki ni mtu anayejua jambo hilo moja tu: anaandika Yanga, Simba, Azam, kisha timu 13 zilizobaki anazichota kwa bahati. Kwa hao watatu anakosea 2, kwa sababu Azam walimpita Simba. Kwa wale 13, ile hesabu yetu inampa 56. Jumla 58.

Karatasi nne kati ya tano zilikuwa juu ya 58.

Muuza kahawa, ambaye kwa mpira wala hana habari, ndiye aliyepewa kazi ya kuthibitisha. Tukaandika majina 13 kwenye vipande vya karatasi, tukavikunja, tukavitia kwenye kofia ya mzee, naye akawa anachota kimoja kimoja mkono mmoja, mwingine umeshika birika. Cha kwanza kutoka, nafasi ya nne, kilikuwa Dodoma Jiji. Watu wakacheka. Mtibwa wakatoka wa 14, kimya kikaanza kuingia. Tulipomaliza kujumlisha, pamoja na zile 2 za watatu wa juu, kofia ilikuwa na 56. Ilikuwa imewapiga bodaboda, mzee, fundi cherehani na fundi baiskeli kwa mpigo mmoja, na muuza kahawa akauliza kama na yeye anahesabiwa mshindi.

Tuliendelea kuchota. Kofia ikatoa 48, ikatoa 70, ikatoa 62. Mwalimu alisema hivyo ndivyo inavyotakiwa: theluthi mbili hivi za mara utakazochota zitaangukia kati ya 48 na 68. Na hapo akajitia kitanzi mwenyewe, maana ikiwa kofia peke yake inacheza kwenye upana huo, 54 yake si ushindi wa elimu. "Mimi na wastani wa kofia tumetofautiana kwa 4," akasema. "Huo ni upepo." Bodaboda akamjibu, "Shehe, upepo huohuo ndio unaotunywesha kahawa ya bure, usiutukane."

Mtu anaweza kusema, basi mambo yameisha, utabiri wa ligi ni bahati nasibu. Mimi siamini hivyo, na karatasi zenyewe haziungi mkono. Kuna mahali njia yetu ya kupima inadanganya, na kuna mahali watabiri walikosea kwa namna inayofundisha kitu. Tuanze na kipimo.

Fundi cherehani alikosea bingwa. Kwenye mpira hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Aliandika Simba wa kwanza, Yanga wa pili, Azam wa tatu. Ukihesabu: Simba walimaliza wa tatu, kosa 2, Yanga 1, Azam 1. Jumla 4. Aliyemtaja bingwa sawasawa alikosea 2. Yaani kumkosa bingwa aliyemwacha wa pili kwa pointi 11 kulimgharimu fundi nafasi mbili tu, wakati mwalimu, kwa kuwaweka Coastal wa 9, alilipa 5. Kipimo kinaona kila ngazi ni sawa. Jedwali haliko hivyo. Kutoka Simba wa tatu hadi Coastal wa nne kulikuwa na pengo la pointi 26, ngazi moja. Kutoka timu ya tano hadi ya 13, ngazi nane, pengo zima lilikuwa dogo kuliko lile la Yanga na Azam. Ukikosea nafasi sita huko katikati, umekosea mechi mbili au pungufu: bao moja la dakika ya 90 Kigoma, penalti moja Lindi. Na Azam na Simba walilingana kwa pointi hadi siku ya mwisho, wakatenganishwa kwa tofauti ya mabao, ambayo ndiyo iliyowapeleka Azam Ligi ya Mabingwa Afrika na Simba Kombe la Shirikisho. Aliyeandika Simba wa pili alikosea kwa mabao, hakukosea kwa uwezo wa timu.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile sitini na kitu za watu wetu ilitoka kwenye tope la katikati, ambako hata mwenye timu yake hajui itaangukia wapi. Hapo kofia na binadamu wako sawa, na sioni aibu yake.

Kosa la fundi baiskeli lilikuwa la aina nyingine. Aliwaweka Coastal wa 16. Si wa 12, si wa 14. Wa 16, mkiani kabisa, na kwenye sababu akaandika "wanajulikana". Hapo alilipa 12. Mtibwa akawapa nafasi ya 6, Geita ya 5, akalipa 10 na 10. Timu tatu, jumla 32, karibu nusu ya deni lake lote. Mtu wa Kimanumanu kuwashusha Coastal daraja kwa kalamu, hilo tunalielewa, ni starehe yake ya mwaka. Lakini starehe ikiingia kwenye daftari inalipiwa, na alikiri angeandika hivyohivyo hata angejua bei.

Mzee wa bandarini ndiye aliyeleta ubishi wa usiku ule. Peke yake aliwaweka Coastal wa nne. Sawasawa, tofauti sifuri. Alisimama akataka heshima yake, na wengi walikuwa tayari kumpa. Kufika wa nne si jambo dogo: Yanga waliposhinda Kombe la FA mbele ya Azam kule Zanzibar, nafasi ile ikawa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mji mzima ulikuwa unashangilia kitu ambacho mzee alikuwa amekiandika tangu Agosti.

Nikafungua kurasa za nyuma. Msimu uliotangulia mzee aliwaweka Coastal wa nne. Uliokuwa kabla yake, wa nne. Huko nyuma, msimu wa 2020/21 walioponea kwenye mchujo, mzee alikuwa kawaweka wa tatu. Nilisoma kwa sauti, na mzee hakutikisika. "Mimi nasema kweli kila mwaka," akasema. "Wao ndio wanachelewa."

Ila lililonivutia zaidi lilikuwa kwenye safu ya sababu. Mzee alikuwa ameandika, "Zahera." Mwinyi Zahera, aliyewahi kuinoa Yanga, ndiye aliyeanza msimu na Coastal. Oktoba alikuwa hayupo tena. Timu ikaja kushikwa na Mkenya David Ouma, na ni chini ya huyo ndipo ilipopanda. Nafasi ni ile, sababu siyo. Mwalimu alisema karatasi ya namna hiyo asiipe alama kamili. Mzee akasema alama zinatolewa kwa nafasi, sheria ni sheria. Kwa mujibu wa daftari mzee ana haki. Mimi, lau ningeulizwa, ningemwachia alama yake na nisingemfuata kwa utabiri wa mwaka unaofuata.

Ni nini basi kilichowapandisha Coastal? Ukitazama tuzo za msimu ule utakuta Stephane Aziz Ki wa Yanga mfungaji bora kwa mabao 21, Feisal Salum wa Azam nyuma yake kwa 19. Mshambuliaji wa Coastal humkuti karibu. Unamkuta kipa. Ley Matampi, Mkongomani aliyekaa langoni DR Congo ilipobeba CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, ya 2016 kule Rwanda, alimaliza mechi 15 za ligi bila kuruhusu bao na kuwa kipa bora wa msimu, mbele ya Djigui Diarra wa Yanga. Ligi ina mechi 30. Nusu ya msimu, timu inatoka uwanjani haijafungwa, na timu ambayo haijafungwa haiwezi kukosa walau pointi moja. Wagosi hawakuhitaji kufunga mabao mengi. Moja liliwatosha, na siku halikupatikana walirudi na suluhu.

Nimezipitia karatasi zote tano, safu ya sababu, kutoka juu hadi chini. Kuna makocha, kuna washambuliaji, kuna "wamesajili vizuri", kuna "wana hela", kuna "wanajulikana". Neno kipa halipo popote. Watu watano waliotoka Mkwakwani siku hiyohiyo, wamemwona kipa akiamua fainali kwa mikono yake miwili, wakaenda kupanga ligi kwa kuhesabu washambuliaji! Fundi cherehani alimtaja Ally Salim kwa mdomo usiku kucha. Kwenye karatasi akaandika Baleke, mshambuliaji.

Sababu ya washambuliaji ndiyo iliyowaangusha pia waliowakataa Yanga. Fiston Mayele, mshambuliaji wao aliyelingana na Saido Ntibazonkiza wa Simba kwa mabao 17 msimu wa 2022/23, alikuwa ameondoka kwenda Pyramids ya Misri. Kocha Nasreddine Nabi kaondoka pia, kaja Miguel Gamondi. Karatasi mbili ziliandika jambo lilelile: bila Mayele nani atafunga? Jibu lilikuja kutoka kwa kiungo, Aziz Ki. Yanga wakafunga kutoka kila upande, wakawapiga Simba 5-1 tarehe 5 Novemba, na msimu ukaisha na ubingwa wa 30 katika historia yao, wa tatu mfululizo. Mwalimu, aliyewaweka wa kwanza, alikuwa kaandika sababu ambayo wenzake waliiona ya kivivu: "Walifika fainali ya Shirikisho, kikosi kingine chote kipo." Hakujaribu kutabiri nani atafunga. Alihesabu waliobaki badala ya kumhesabu aliyeondoka.

Na Mtibwa? Karatasi zote tano ziliwaweka salama, aliyewashusha zaidi akiwapa nafasi ya 11. Sababu kila mahali ilikuwa moja, kwa maneno tofauti: Wakata Miwa hawashuki. Bingwa wa 1999 na 2000, zaidi ya miaka 20 ndani ya ligi, amezoea. Walimaliza wa 16. Kofia, isiyojua lolote kuhusu 1999, iliwaweka wa 14, na kwa timu hiyo moja ilitushinda wote. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ujuzi wetu ulipotudhuru badala ya kutusaidia. Historia ya klabu inaeleza imekaa muda gani. Haielezi kikosi cha mwaka huu kina nini, na aliyekuwa na jibu la swali hilo la pili hakuwepo kijiweni.

Kisa cha Kitayosce, timu ya Tabora, nakigusa tu. Siku tatu baada ya daftari kufungwa walikwenda kucheza na Azam wakiwa pungufu kwa matatizo ya usajili, mchezo ukavunjika mapema kipindi cha kwanza, Azam wakiongoza 4-0, walipobaki chini ya wachezaji saba. Bodaboda alikuja mbio kutaka kuwatoa nafasi ya 12 awapeleke 16. Nikamwambia daftari limefungwa. Alinuna mwezi mzima. Timu ikabadili jina ikawa Tabora United, ikamaliza ya 14, ikaenda mchujo na kuitoa Biashara United ya Mara. Kutoka 12 hadi 14 ni 2. Kutoka 16 hadi 14 ni 2. Alininunia bure.

Biashara United nao wana mahali pao kwenye hesabu hii, na ndipo tulipopata kitu ambacho sidhani kofia ingekipata. Bodaboda aliuliza nani alikuwa wa nne kabla ya Coastal. Tukarudi nyuma: 2020/21 Biashara United, 2021/22 Geita Gold, 2022/23 Singida Big Stars, 2023/24 Coastal Union. Miaka minne, timu nne. Biashara msimu uliofuata tu wakashuka daraja. Geita wakashuka 2024, miaka miwili baada ya kuwa wa nne. Singida, waliovuka pointi 50 kupata nafasi ile, walibadili jina kuwa Singida Fountain Gate na msimu uliofuata wakamaliza nusu ya chini ya jedwali. Na karatasi zetu? Tatu kati ya tano zilikuwa zimewaweka Singida wa nne kwa sababu walikuwa wa nne mwaka uliopita.

Sababu zake hazihitaji mganga. Timu ndogo ikifanya vizuri, wachezaji wake wanaonekana. Tulilijua hilo hapa Tanga mapema kuliko wengi: Julai 2022 Abdul Suleiman "Sopu" wa Coastal aliwafunga Yanga mabao matatu kwenye fainali ya Kombe la FA pale Arusha, tukatoka 3-3, tukafa kwa matuta, na kabla machozi hayajakauka Sopu alikuwa wa Azam. Zaidi ya hapo, nafasi ya nne inakupa safari za Afrika. Klabu iliyokuwa inahangaikia nauli ya kwenda Bukoba inaanza kukata tiketi za ndege kwenda nchi nyingine, kikosi kilekile, benchi lilelile, ligi inaendelea. Biashara mwaka 2021 walishinda nyumbani 2-0 dhidi ya Al Ahli Tripoli na kisha wakashindwa hata kufika Libya kwa mechi ya marudiano.

Mwalimu alituonya kwamba miaka minne ni michache na kwamba nafasi ile, kwa pengo lake na wa tatu, inaweza kubebwa na yeyote anayetangulia kundi la katikati. Pointi 43 za Coastal zilikuwa chache kuliko za Singida mwaka uliotangulia. Si kwamba Wagosi walipaa sana, wengine pia walididimia. Nakubaliana naye nusu. Ikiwa anayeshika nafasi ya nne ni yule tu aliyetangulia kundi, basi ndiyo sababu zaidi ya kutomwandika tena mwaka unaofuata.

Kwa msimu wa 2024/25 daftari lilibadilishwa. Sasa tunapanga kwa makundi: bingwa, wawili wanaomfuata, wa nne, katikati, mchujo, wanaoshuka. Ukikosea ndani ya kundi la katikati hulipi kitu. Ukikosea bingwa unalipa sana. Na mwalimu akaongeza kwamba kwa bingwa kila mtu aseme ana uhakika kiasi gani kati ya kumi. Ukisema 9 na ukakosea, unalipa 9 mara 9, yaani 81. Ukisema 6 na ukakosea, 36. Anayepiga kelele zaidi analipia kelele zake. Fundi cherehani alikataa kabisa mara ya kwanza, akasema mapenzi hayagawanywi kwa kumi, kisha akaandika 7, na mkono wake nilivyouona ukisita kati ya 7 na 9 ni jambo ambalo karatasi za zamani zisingeweza kutuonyesha. Sababu pia ni lazima sasa, na "wanajulikana" haipokelewi.

Mzee wa bandarini aliwaandika Coastal wa nne. Hakushawishika na Biashara, Geita wala Singida. Kwenye sababu safari hii aliandika "Matampi", na mwalimu akasema hiyo angalau inaweza kuhakikiwa. Fundi baiskeli akawaweka kwenye kundi la kushuka. Wagosi walikwenda Kombe la Shirikisho wakatolewa mapema na Bravos do Maquis ya Angola, na Ouma akaondoka.

Nafasi ya nne msimu huo waliichukua Singida Black Stars, ambao ni Ihefu ya zamani. Karatasi mbili zilikuwa nao hapo, ya mwalimu na ya bodaboda, na zote mbili zilikuwa na sababu moja: fedha za usajili.